Mpako, Utando na Sukari: Tahakiki ya Istilahi za Nyuso za Bayomateriali

UTANGULIZI

Imetufikia orodha fupi ya istilahi ambayo imekuwa ikipita mikononi mwa wafasiri na walimu wa sayansi, nayo inahusu fani ambayo bado ni ngeni kwa wengi wetu. Ni fani ya kupaka vifaa vya tiba kwa polisakaridi za asili, yaani vifaa kama mipira ya kupitishia damu, vali za moyo, vyuma vya kuungia mifupa na lenzi za macho, ili vifaa hivyo viweze kukaa na mwili kwa amani. Mtungaji wa orodha hiyo anastahili shukrani zetu. Mtu anayefyeka pori kwa mara ya kwanza halaumiwi kwa visiki vilivyobaki. Lakini kazi ya mhakiki ni kuvionyesha visiki hivyo kabla wengine hawajajikwaa, na ndiyo kazi ninayokusudia kuifanya hapa.

Katika orodha hiyo kuna sentensi moja iliyotolewa iwe mfano wa matumizi. Inasema hivi: "Utando wa sukari nyingi za asili hugeuza uso wa maada hai na kuzuia utando." Maneno yote ya sentensi hii ni ya Kiswahili cha kila siku, wala hamna hata moja lililotoholewa juzi kutoka lugha za Ulaya. Hapana shaka jambo hilo lilimpendeza mtungaji. Hata hivyo, mpe sentensi hiyo mwuguzi wa zahanati, au mwanafunzi wa kidato cha sita, kisha umwulize ameelewa nini. Atakuambia kwamba kuna sukari nyingi mahali fulani, kwamba kuna kitu kilicho hai kinachogeuza uso, na kwamba utando huzuia utando. Mtaalamu hakukusudia lolote kati ya hayo.

Tumezoea kuipima istilahi kwa ukoo wake. Kanuni yetu inayojulikana hutuambia tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo tuende kwingine. Kanuni hiyo ni njema na sina nia ya kuipinga. Ninachosema ni kwamba haitoshi peke yake. Istilahi za tiba zina mtumiaji mmoja ambaye mara nyingi humsahau tunapoketi kuziunda, naye ni mgonjwa. Yeye ndiye anayeombwa ridhaa kabla kifaa hakijaingizwa mwilini mwake, na ridhaa hiyo huombwa kwa maneno. Maneno yakipotoka, ridhaa nayo hupotoka.

1. JAMBO LINALOTAJWA

Kabla ya kuhakiki majina yafaa tulitazame jambo lenyewe. Kitu kigeni, kiwe cha plastiki au cha chuma, kinapoingia katika damu hakikai kitupu hata kidogo. Katika muda wa sekunde chache tu protini za damu hukikimbilia na kunata usoni pake. Leo Vroman, mtaalamu wa damu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, na ambaye pia alikuwa mshairi mashuhuri wa Kiholanzi, alionyesha kwamba protini zilizowahi kufika hazidumu katika nafasi zao. Nyingine zinazofika baadaye, ambazo hushika kwa nguvu zaidi, huzisukuma za kwanza na kukaa mahali pake. Juu ya protini hizo hunata chembe za kugandisha damu, na damu huanza kuganda. Mahali pengine, kama katika mpira wa mkojo au kiungo cha nyonga cha bandia, bakteria huja kunata, huzaana, na kutandaza juu yao ute unaowakinga. Wakisha kujikinga hivyo, dawa huwapata kwa shida sana.

Mwili wenyewe una jibu lake la tangu asili. Chembe zinazotanda ndani ya mishipa yetu ya damu zimefunikwa kwa ute mwembamba uliojaa polisakaridi, na kwa sababu hiyo damu hupita bila kuganda. Watafiti waliliona jibu hilo wakaliiga. Waliichukua heparini, hayaluronani, kaitosani, alijinati, dekstrani na nyinginezo, wakazipaka au kuzifunga kwenye nyuso za vifaa vyao.

Kwa watu wa pwani wazo hili si geni kabisa. Jahazi ni kitu kikavu kinachowekwa katika maji yenye uhai mwingi. Likiachwa bila kinga, wadudu wa baharini hunata ubavuni mwake na wengine huutoboa ubao. Kwa hiyo hupwelewa, hukwanguliwa, na kupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Kifaa kilicho ndani ya damu kina taabu ile ile ya jahazi lililo baharini. Nimeutaja mfano huu kwa kuwa utatufaa tutakapofika kwenye neno mpako.

2. MAADA HAI AU MAADA ISIYO HAI?

Orodha imependekeza maada hai kuwa jina la vitu vyote vinavyotumiwa kutengenezea vifaa hivi. Ni rahisi kuona jinsi mtungaji alivyofika hapo. Alikivunja kiambishi cha Kigiriki, akakuta maana yake ni uhai, akakitafsiri.

Kwa bahati njema jambo hili lina historia inayoweza kutuamulia. Mwezi Machi mwaka 1986 wataalamu wa Chama cha Bayomateriali cha Ulaya walikutana katika mji wa Chester, Uingereza, ili wakubaliane juu ya maana za maneno ya fani yao. Ulikuwa mkutano wa istilahi, kama ile tunayoifanya sisi. Walikubaliana kwamba bayomateriali ni maada isiyo hai inayotumiwa katika kifaa cha tiba, na iliyokusudiwa kuingiliana na mfumo ulio hai. Wenye fani, basi, waliweka uhai upande wa mwili, wakaunyima ile maada. Istilahi maada hai imekiuka fasili hiyo waziwazi.

Pendekezo jingine linalosikika ni nyenzo za kibayolojia. Nalo lina kasoro, kwa sababu linaelekeza mawazo kwenye vitu vilivyotokana na viumbe, kama ngozi, mbao au pembe. Titani ya kuungia mfupa haikutokana na kiumbe chochote, lakini ni bayomateriali. Maada ya kupandikizwa mwilini lina kasoro ya tatu: mipira ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji haipandikizwi, ila damu ya mgonjwa hupita ndani yake.

Kwa hiyo naunga mkono kutohoa, na kusema bayomateriali. Lakini neno lililotoholewa lisiachwe peke yake kama mgeni asiyetambulishwa. Liambatane na fasili moja isiyobadilika: maada isiyo hai, itumiwayo kugusana na mwili kwa ajili ya tiba. Kugusana ndilo neno lenye uzito hapa, kwa maana linaingiza lenzi, mpira na vali katika kapu moja, wala halidai kwamba kila kifaa kimezikwa mwilini.

Katika mkutano huo huo wa Chester lilifasiliwa neno ambalo orodha imelitafsiri kwa utovu wa madhara. Fasili ya Chester haikusema hivyo. Ilisema ni uwezo wa maada kufanya kazi yake huku mwili ukiitikia kwa namna inayofaa, katika matumizi maalumu. Maana yake ni kwamba kifaa kinachopatana na mfupa huenda kisipatane na damu. Kiswahili kinalo neno patana, na kupatana ni lazima kuwe na pande mbili na jambo wanalopatania. Upatanifu ni istilahi bora kuliko utovu wa madhara, mradi kila mara itajwe ni upatanifu na nini.

3. KUGEUZA USO

Neno uso kwa maana ya upande wa nje wa kitu limekwisha kuzoeleka shuleni, na halina ubaya. Wengine wameshauri tuseme juu ya kitu, lakini mpira wa damu hugusana na damu kwa upande wa ndani, na hatuwezi kusema kwamba ndani ni juu. Uso wa ndani hueleweka mara moja.

Tatizo limo katika kitenzi. Kugeuza uso katika lugha yetu ni kitendo cha mtu asiyetaka kumsalimu mwenzake. Kurekebisha uso kuna maana ya kuondoa kasoro iliyokuwapo, kumbe plastiki ile haikuwa na kasoro yoyote mpaka ilipokutana na damu. Ningependelea kubadili hali ya uso. Ni maneno manne badala ya mawili, lakini urefu huo unalipia gharama yake, kwa maana kinachobadilishwa ni hali tu: jinsi uso unavyopokea maji, chaji ya umeme iliyo juu yake, na vitu vinavyoweza kunata hapo. Kiini cha kifaa hubaki kilivyo. Chuma huendelea kuwa chuma, na nguvu zake zile zile.

4. MPAKO NA UTANDO

Kosa kubwa kuliko yote katika orodha, kwa maoni yangu, ni kulitumia neno utando kwa dhana mbili zinazopingana. Limetumiwa kwa kile tunachokiweka sisi juu ya kifaa, na limetumiwa tena kwa kile ambacho bakteria hukiweka juu ya kifaa hicho hicho. Matokeo yake ni ile sentensi ya utando unaozuia utando.

Lugha yenyewe imekwisha kututenganishia dhana hizi, laiti tungeisikiliza. Mawingu hutanda. Buibui hutanda utando. Maziwa yakichemshwa na kuachwa hufanya utando. Katika mifano yote hii kitendo kinatoka kwa kitu chenyewe, na hakuna fundi aliyeagiza. Kwa upande mwingine, mtu hupaka mafuta, hupaka rangi, hupaka deheni. Hapo yuko mtendaji mwenye kusudi. Basi kile kinachowekwa na fundi kwa kusudi kiitwe mpako, na kile kinachojifanya chenyewe, kiwe cha protini au cha bakteria, kiitwe utando. Kwa tofauti hiyo tunaweza kusema kwa maneno machache shabaha ya fani nzima: mpako huwekwa ili utando usitande.

Lakini tusiishie hapo, kwa kuwa kupaka ni kitenzi kipana mno, na ndani yake kuna njia ambazo tofauti zake zinaweza kuwa tofauti ya afya na maradhi. Njia ya kwanza ni ya kukitumbukiza kifaa katika kimiminika chenye polisakaridi na kukitoa. Masonara wanalo neno lake: pete ya shaba iliyotiwa dhahabu juu yake huitwa pete ya kuchovya, na kila mnunuzi anajua kwamba dhahabu ya kuchovya huchubuka. Mpako wa kuchovya ungekuwa istilahi safi kwa njia hii, na ungebeba ndani yake onyo lile lile.

Njia ya pili hutumia mvutano wa chaji. Mwaka 1963 nchini Marekani Vincent Gott na wenzake walifanikiwa kuishikisha heparini, ambayo ina chaji hasi nyingi, kwenye uso wenye grafiti kwa kutumia kemikali yenye chaji chanya. Ilikuwa hatua kubwa, lakini heparini iliyoshikwa kwa namna hiyo huweza kuachia polepole na kuchukuliwa na damu. Tangu miaka ya 1990 njia hii imeendelezwa kwa kupanga tabaka la chaji chanya, kisha la chaji hasi, kisha la chanya tena. Mathalani kaitosani na hayaluronani hupishana kama matofali na udongo. Mpako wa matabaka ni jina linalofaa.

Njia ya tatu ni ya kuifunga polisakaridi kwa kifungo cha kemia. Hapa orodha imesema kupandikiza, na hapo imejifunga yenyewe, kwa sababu kifaa kinachowekwa mwilini nacho kinaitwa kipandikizi. Tutapata kupandikiza juu ya kipandikizi kabla hakijapandikizwa. Mwaka 1983 watafiti wa Uswidi, Larm, Larsson na Olsson, walitoa njia ya kuifunga heparini kwa ncha moja tu ya mnyororo wake. Kabla ya hapo mnyororo ulikuwa ukifungwa kila mahali, na ile sehemu yake inayoshirikiana na protini za damu ili kuzuia kuganda ilikuwa ikibanwa isifanye kazi. Ukifungwa kwa ncha moja, sehemu iliyobaki huelea na kuyumba ndani ya damu. Mabaharia hawana haja ya kufundishwa jambo hili: chombo kilichotiwa nanga hakiendi, lakini hakikubanwa. Napendekeza mpako wa nanga, au kusema kwamba heparini imetiwa nanga usoni. Sioni neno la lugha nyingine litakaloeleza zaidi ya hilo.

5. SUKARI NYINGI

Sasa tufike kwenye istilahi ambayo kwa upande wa mgonjwa ina hatari kuliko zote. Orodha imetafsiri polisakaridi kwa sukari nyingi. Kwa asili ya maneno, mtungaji hakukosea sana. Jina la Kigiriki lililomo katika sakaridi, na neno letu sukari lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, yote mawili asili yake ni neno la Kisanskriti lililokuwa na maana ya changarawe, na baadaye sukari. Kwa hiyo sukari na sakaridi ni watoto wa bibi mmoja waliokulia miji mbali mbali.

Lakini undugu wa maneno hauwafanyi wafanye kazi moja. Polisakaridi ni mnyororo mrefu wa molekuli za jamii ya sukari zilizoungana, na zikisha kuungana utamu hutoweka. Pamba karibu yote ni selulosi, nayo selulosi ni polisakaridi. Tukiifuata orodha, kanga aliyovaa mama ni sukari nyingi, na kuni alizobeba kichwani zina sukari nyingi. Ute wa bamia na wa mlenda, wanga wa muhogo, na ule wanga ambao dobi huutia katika shati ili lisimame, yote hayo ni polisakaridi. Dobi huyo, tukumbuke, amekuwa akipaka polisakaridi za asili kwenye uso wa kitambaa siku zote, wala hakuna aliyelamba shati lake kutafuta utamu.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni haya. Katika Kiswahili cha leo sukari ni jina la ugonjwa pia. Watu husema fulani ana sukari, au sukari yake imepanda. Ugonjwa wa kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa kazi, na mwenye figo zilizoshindwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Baadhi ya mipira inayotumiwa kupitishia damu hiyo imepakwa heparini. Basi tumchukue mgonjwa wa namna hiyo, ambaye kwa miaka mingi ameambiwa na kila daktari ajihadhari na sukari. Mwambie kwamba mpira utakaoingizwa katika mshipa wa shingo yake umepakwa sukari nyingi. Akikataa, atakuwa amekataa kwa akili timamu, kwa kufuata mafundisho yote aliyopewa. Lawama itakuwa ya mwenye kuunda istilahi.

Tena jina la jumla, hata likiwa sahihi, halitoshi kumwambia mgonjwa jambo analohitaji kulijua. Heparini huzuia damu isigande. Kaitosani huisaidia damu igande, na kwa hiyo hutiwa katika bandeji za kuzuia majeraha yasivuje. Zote mbili ni polisakaridi, na zote mbili hupakwa kwenye vifaa. Kusema tu kwamba kifaa kimepakwa polisakaridi ni sawa na kusema kwamba mtu amepewa kidonge.

Kwa hiyo polisakaridi na ibaki polisakaridi, kama vile protini na glukosi zilivyobaki, nazo zimekwisha kuzoeleka madarasani. Na katika karatasi ya ridhaa, jina la polisakaridi yenyewe litajwe, pamoja na kazi yake.

6. MAJINA YA MOJA MOJA

Katika sehemu hii orodha imejaribu kuepuka utohozi kwa kutafsiri asili ya kila jina. Heparini imeitwa dawa ya ini. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Jay McLean, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alikuta katika ini dutu inayozuia damu kuganda, na mwaka 1918 mwalimu wake William Howell na mwenzake Holt waliipa dutu ya namna hiyo jina linalotokana na neno la Kigiriki la ini. Lakini heparini haitibu ini. Wala leo haitolewi katika ini; hutengenezwa hasa kutokana na sehemu ya ndani ya utumbo wa nguruwe. Istilahi dawa ya ini, basi, inamdanganya mgonjwa mara mbili, na udanganyifu wa pili si mdogo. Katika nchi zetu wagonjwa Waislamu ni wengi, na mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuuliza asili ya kitu hicho ili ajiulizie na kuamua mwenyewe. Jina lililotoholewa halimwambii asili, lakini angalau halimwekei asili ya uongo.

Alijinati imeitwa ute wa mwani. Hapa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watakuwa wa kwanza kupinga. Alijinati hutolewa katika mwani wa rangi ya kahawia. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao wakulima wake wengi ni wanawake, ni wa jamii ya mwani mwekundu, na unachotoa ni karagini. Hizo ni polisakaridi mbili tofauti. Alijinati hufanya rojo inapokutana na kalsiamu, na mgonjwa wa meno aliyewahi kupigwa chapa ya taya ameionja. Ute wa mwani unaweza kubaki kuwa jina la jumla, lakini hauwezi kuwa jina la mmoja wao.

Kuhusu dutu ya magamba ya kamba na kaa, mtungaji amekubali kutohoa, akaandika kitini. Lakini neno hilo limekwisha kuwa na mwenyewe. Kitini ni kwenye kiti, na ni vijikaratasi vinavyogawiwa kwa washiriki wa semina. Mwalimu atakayeandika ubaoni kwamba bakteria hawakai kitini atachekwa na darasa zima. Kaitini ni tohozi salama zaidi, na yule mtoto wake anayepatikana kwa kumpitisha katika alkali kali aitwe kaitosani. Inafaa kukumbuka hapa kwamba jina la kaitini katika lugha za Ulaya limetokana na neno la Kigiriki la vazi, kwa kuwa ni vazi la mdudu. Wazo la kukivika kifaa kaitosani lina mizizi mirefu kuliko tunavyodhani.

7. NENO ASILI

Neno la mwisho nitakalolihakiki ni asili. Polisakaridi za asili si tafsiri mbaya. Lakini tujihadhari na kivuli chake. Dawa za asili kwetu ni dawa za miti shamba, na wengi huziamini kuwa hazidhuru kwa sababu ni za asili. Kivuli hicho kikifuata heparini au kaitosani, msomaji ataamini kwamba mpako wa asili hauna madhara.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 wagonjwa katika Marekani na Ujerumani walipatwa na mshtuko mkali baada ya kudungwa heparini, na vifo vilihusishwa na jambo hilo. Uchunguzi uligundua kwamba heparini hiyo, iliyotokana na mali ghafi kutoka China, ilikuwa imechanganyika na polisakaridi nyingine, kondroitini iliyoongezwa salfati kupita kiasi. Ilifanana na heparini kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya wakati ule havikuweza kuzitofautisha. Ilikuwa dawa ya kudunga, si mpako, lakini fundisho lake linatuhusu sisi wa istilahi. Vitu viwili vya jamii moja, vyenye asili ya wanyama vyote viwili, kimoja kiliponya na kingine kilidhuru. Neno asili lieleze tu mahali kitu kilipotoka, na lisitumiwe kuwa cheti cha usalama wake.

HITIMISHO

Napendekeza, kwa muhtasari, kwamba tuchukue bayomateriali pamoja na fasili yake. Upatanifu, ukitajwa na kile kinachopataniwa. Kubadili hali ya uso. Mpako kwa kinachowekwa, na utando kwa kinachojitanda. Mpako wa kuchovya, mpako wa matabaka na mpako wa nanga kwa njia tatu za kupaka. Na polisakaridi, heparini, hayaluronani, kaitini, kaitosani, alijinati na karagini kwa majina ya dutu zenyewe. Msomaji ataona kwamba nimetohoa majina ya vitu, na nimetumia Kiswahili kwa vitendo. Sikupanga hivyo tangu mwanzo, ndivyo ilivyotokea. Vitu hivi vilipewa majina maabara, mbali na hapa, lakini kupaka, kuchovya, kutia nanga na kutanda ni mambo ambayo wazee wetu waliyafanya na kuyaona, wakayapa maneno yaliyochongwa vizuri kuliko tutakayoweza kuyachonga sisi mezani.

Ile sentensi ya mfano sasa yaweza kusomeka hivi: "Mpako wa polisakaridi za asili hubadili hali ya uso wa bayomateriali na kuzuia utando wa bakteria." Na yule mgonjwa wa figo aweza kuambiwa hivi: "Mpira huu umepakwa heparini, dutu inayozuia damu isigande ndani yake. Heparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Haipandishi sukari mwilini mwako. Ukiwa na swali, uliza kabla ya kutia sahihi." Huenda akakubali, na huenda akakataa. Kwa vyovyote vile, atakuwa amejua ni jambo gani analolikubali au kulikataa.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wauguzi, mafundi wa maabara na walimu wa kemia, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe kabla orodha haijasanifiwa.